Nusu Kidole Chini ya Mstari

Kazi yangu katika karakana ilikuwa kukaa saa nzima nikitazama maji yakishuka. Ndiyo maana wenzangu waliniita Mama Saa. Mwanzoni niliona aibu kuieleza, kwa sababu mtu akikuuliza unafanya kazi gani nawe ukamjibu, "Natazama maji," anadhani unamfanyia mzaha.

Tulitengeneza vyungu vya kuchujia maji. Udongo wa mfinyanzi unakaushwa, unatwangwa, unachekechwa. Vumbi la mbao kutoka kwa maseremala nalo linachekechwa, kwa chekeche lenye matundu madogo kuliko ya kuchekechea unga. Viwili hivyo vinapimwa kwa mizani, vinachanganywa na kukandwa kwa maji. Kisha Bonge, fundi wetu mnene, anaukandamiza mchanganyiko huo ndani ya kalibu ya chuma kwa jeki ya gari, na chungu kinatoka na umbo lake. Kikikauka kinaingia tanurini. Humo moto unalila lile vumbi la mbao lote, na kila chembe inayoungua inaacha kitundu kisichoonekana kwa macho. Maji yanajipenyeza polepole kwenye vitundu hivyo, uchafu na vijidudu vinabaki nyuma. Mwisho kabisa tunakipaka chungu maji ya fedha, dawa ya kuua vijidudu vinavyonasa ukutani mwake.

Kwa hiyo kila kitu kinategemea chembe. Chembe ikiwa kubwa, kitundu kinakuwa kikubwa, na chungu kinakuwa ungo. Wala jicho halikusaidii. Chungu kizima na chungu kibovu hufanana kama shilingi kwa ya pili. Ndipo nilipoingia mimi. Kila chungu kilicholowa vya kutosha nilikitundika kwenye fremu, nikakijaza maji hadi mdomoni, nikatazama saa ya ukutani. Baada ya saa moja nilitumbukiza kijiti cha kupimia. Maji yalitakiwa yawe yameshuka zaidi ya kidole kimoja, lakini yasizidi vidole viwili. Kwenye vidole viwili kijiti kilikuwa na mstari mwekundu. Maji yakiwa chini ya mstari, chungu kinavunjwa. Kinavunjwa siku hiyo hiyo, na anayekivunja ni yule aliyekipima, ili asipatikane mtu wa kusema alidhani mwenzake ameshavunja. Kisha anaandika daftarini: kimevunjwa.

Hiyo ilikuwa sheria ya Mzee Moshi, fundi wa tanuri na mkuu wetu. "Ukikionea huruma chungu," alikuwa akisema, "umemnyima huruma mnywaji."

Saa ile ya kungoja niliitumia kuomba. Niliwaombea wagonjwa, wafungwa, marehemu wazazi wangu, na kila nyumba ambayo chungu kilichokuwa mbele yangu kingeingia. Mzee Moshi hakunikataza. Aliniambia tu, "Omba, Mama Saa, lakini uombe macho wazi."

Mdogo wangu wa kike alipanga chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita vinavyotazamana uani. Katikati ya uwanja palikuwa na kisima, na choo kilikuwa hatua ishirini kutoka hapo. Mume wake alikuwa dereva wa lori, mtu wa kuonekana mara mbili kwa mwezi. Walikuwa na binti mmoja wa miaka sita, ambaye mdogo wangu alimpa jina la mama yetu, kwa hiyo sote tulimwita Mama mdogo. Nilikuwa nimempelekea mdogo wangu chungu kizuri, nilichokipima mwenyewe. Kilishuka kidole kimoja na robo. Hakukipenda.

"Dada, chungu chako kinatoa maji kama mjane anayejizuia kulia mbele ya wakwe," aliniambia. "Mtoto anasimama na kikombe mpaka miguu inamuuma."

"Ndiyo dawa yake, mdogo wangu. Kikitoa haraka hakichuji."

"Basi tutakufa kwa kiu tukiwa wasafi."

Tulicheka. Lakini kila nilipokwenda kumtembelea alilirudia jambo hilo, na siku moja nilimkuta Mama mdogo akinywa kwa mkono moja kwa moja kwenye ndoo ya kisimani kwa sababu amechoka kungoja. Jambo hilo liliniingia moyoni na halikutoka.

Wiki ile chekeche la vumbi la mbao lilichanika. Mpasuko wenyewe ulikuwa mdogo, upana wa ukucha, pembeni karibu na ubao, na Bonge hakuuona mpaka alipokuwa amekwisha kukandamiza vyungu arobaini. Alikuja kuniambia huku akijikuna kichwa.

"Mama Saa, leo utakuwa na kazi ya nyundo. Mkono wako utavimba kama wangu."

"Wako haujavimba, Bonge. Umenenepa."

Tulivichoma hata hivyo, kwa sababu Mzee Moshi alisema kipimo ndicho hakimu, siyo hofu. Vilipokuja kwangu, kumi na saba vilifaulu. Ishirini na vitatu vilishuka chini ya mstari, vingine vidole vinne, vingine maji yalikimbia kama ndoo iliyotoboka. Nilivunja ishirini na viwili.

Cha ishirini na tatu kilikuwa kimepita mstari kwa nusu kidole tu. Nilikishika mikononi. Kilikuwa na mdomo ulionyooka, kilipogongwa kwa kidole kililia vizuri. Nikamwona yule mtoto na mikono yake kwenye ndoo. Nikajiambia kwamba chungu chenye kasi kidogo ambacho watu wanakinywea ni bora kuliko kizuri ambacho wanakipita. Nikajiambia pia kwamba nitakipaka maji ya fedha mara mbili badala ya mara moja. Na nilipomaliza kukipaka nikakiwekea mikono yote miwili, nikamwomba Mungu aufunge upungufu wake. Niliomba kwa machozi, sidanganyi. Kisha nikaandika daftarini kwamba kimevunjwa, nikakifunga kwenye kitambaa, nikaenda nacho kwa mdogo wangu.

"Sasa hiki ndicho chungu!" alisema alipoona maji yakianza kutiririka kwenye ndoo ya chini. "Kile kingine kilikuwa cha watu wanaofunga."

Kile kizuri alikigeuza kuwa cha kuwekea vitunguu.

Mkabala na mlango wake aliishi Mama Mapacha, mwanamke mwembamba mwenye watoto wawili wa miaka mitatu, wa kiume wote, ambao walifanana kiasi kwamba mama yao alimfunga mmoja uzi mwekundu mkononi. Siku ile alikuwa amesimama mlangoni akitazama.

"Dada mkubwa," aliniambia, "na sisi tutafikiriwa lini?"

Kabla sijajibu, mdogo wangu alidakia. "Cha nini, jirani? Lete kidumu chako hapa kila asubuhi. Hiki kinatosha uani kote. Dada yangu ndiye mpimaji, hawezi kunipa kitu cha kubahatisha."

Ningeweza kusema siku ile. Nilikuwa nimesimama hapo hapo, na maneno yalikuwa machache. Nilinyamaza.

Mvua zilianza mwezi uliofuata na hazikujua kukoma. Choo cha ule uwanja kilifurika, maji yake yakasambaa mpaka kwenye ukingo wa kisima. Mitaa ya bondeni ndiyo iliyoanza kuugua, na baada ya siku chache hakukuwa na mtaa usiotaja kipindupindu. Zahanati ilisimamisha mahema mawili kwenye uwanja wa mpira. Karakana yetu ilipata maombi ya vyungu mia tatu. Tuliganda kwenye kazi kutwa nzima, Bonge akikandamiza mpaka jeki ikapata moto, Mzee Moshi akiwa na macho mekundu mbele ya tanuri. Mimi nilipima na kuvunja, nilipima na kuvunja. Katika siku zile sikuacha hata kimoja kinipite.

Habari ililetwa na mchukuzi wa udongo, asubuhi, akishusha magunia.

"Mama Saa, si mdogo wako anakaa kwenye ile nyumba ya vyumba sita? Wanasema pale wawili wameanza kuharisha."

Niliuliza ni nani. Hakujua.

Niliingia chumba cha maji ya fedha, nikafunga mlango, nikapiga magoti. Niliomba kwa muda mrefu. Nataka niseme wazi nilichoomba, kwa sababu nimekuwa nikikikumbuka tangu hapo. Sikuomba ujasiri wa kwenda kusema. Niliomba wagonjwa wale wapone ili nisilazimike kusema. Nilikuwa na miguu ya kunifikisha kule kwa nusu saa, na mdomo wa kusema, na Mungu alikwisha kunipa vyote hivyo. Lakini nilimwomba yeye aifanye kazi yangu, kama nilivyomwomba aifanye kazi ya nyundo.

Mchana nilikwenda. Hata hivyo sikusema kweli. Nilisema nusu yake.

"Mdogo wangu, wakati huu wa ugonjwa chemsheni maji hata baada ya kuyachuja."

"Kwa nini?"

"Tahadhari tu."

"Kuni zote zimelowa, dada. Chumba kizima ni moshi. Sasa chungu kina faida gani kama ni kuchemsha tena?" Alinitazama. "Au kina kasoro?"

"Hakina," nilisema.

Waliougua walikuwa wale mapacha. Mmoja alipona. Yule mwenye uzi mwekundu alifariki siku ya tatu, alfajiri, akiwa mgongoni mwa mama yake njiani kwenda kwenye mahema. Mama Mapacha alitembea naye hadi akafika, ndipo nesi alipomfungua mtoto na kumwambia. Uani waliendelea kumwita Mama Mapacha, kwa kuwa ulimi umezoea, na yeye aliitika.

Nilikwenda msibani. Nilikaa mkekani na wanawake wengine, nikaomba kwa sauti waliponiomba niongoze sala, kwa sababu nilijulikana kwa hilo. Mama Mapacha alinishika mkono akasema, "Asante, dada mkubwa. Bila maji yenu nadhani wangeondoka wote wawili."

Siku mbili baadaye Mama mdogo akaugua.

Nilimkuta kwenye hema la pili, kitanda cha tatu kutoka mlangoni. Vitanda vyenyewe vilikuwa vya mbao, vimetobolewa katikati na kuwekewa ndoo chini. Kila kitu kilinuka klorini. Mtoto alikuwa na dripu mkononi, macho yameingia ndani, ngozi ya vidole imekunjamana kama ya mtu aliyefua siku nzima. Mdogo wangu alikuwa amepiga magoti kando yake na chupa ya maji, akimlowesha midomo kwa kidole.

"Nesi amesema anywe sana," aliniambia bila kugeuka. "Wana pipa lao pale, lakini mimi siliamini. Nimemletea ya nyumbani. Ya kwenye chungu."

Alikuwa anainamisha chupa.

"Acha," nilisema.

"Nini?"

"Usimpe hayo. Chungu kile ni kibovu. Kilipita mstari. Nilitakiwa nikivunje nikakuletea."

Mkono wake ulisimama. Maji yalikuwa yamefika mdomoni mwa chupa, yakabaki hapo. Alinitazama kwa muda, kama mtu anayesubiri nicheke.

"Ulijua lini?"

"Tangu siku niliyokuletea."

"Na siku ile uliponiambia nichemshe? Nilikuuliza."

"Nilikujibu uongo."

Niliogopa atapiga kelele. Hakupiga. Aliinuka, akatembea hadi nje ya hema, akaimwaga ile chupa kwenye mtaro wa klorini, taratibu, mpaka tone la mwisho. Aliporudi alikwenda kwenye pipa la zahanati, akachota kikombe, akarudi akapiga magoti palepale. Hakunisogezea nafasi. Nilisimama miguuni mwa kitanda.

Nesi alikuwa amesikia. Alikuwa mwanamke wa makamo, amechoka, ana alama za barakoa mashavuni. Alinivuta pembeni.

"Sikiliza, mama. Usijiue. Kisima kile kimechafuka, choo kimefurika, watoto wanashika kila kitu. Inaweza kuwa mikono, inaweza kuwa nzi. Hakuna mtu atakayeweza kusema ni chungu."

"Hakuna atakayeweza kusema siyo," nilimjibu.

Aliinua mabega, akaitwa kwenye kitanda kingine.

Mama mdogo aliteseka siku mbili, na siku ya tatu aliomba kuletewa mwanasesere wake. Namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini hata shukrani ilikuwa chungu mdomoni, kwa kuwa kuna mama mwingine ambaye hakupewa siku ya tatu ya namna hiyo.

Siku walipomruhusu mtoto, mdogo wangu alizungumza nami kwa mara ya kwanza. Alikuwa anakunja shuka.

"Utamwambia?"

Nilijua anamsema nani. "Ndiyo."

"Dada, fikiria kwanza. Naomba ufikirie. Nesi mwenyewe amesema haijulikani. Mwanawe hatarudi. Na mimi ndiye niliyekuwa namjazia kidumu. Kila asubuhi, kwa mikono yangu, nikimwambia chukua jirani, usione haya. Wewe utasema ulichosema utakwenda kwako. Mimi mlango wangu unatazamana na wake."

"Nitasema ni mimi peke yangu. Wewe hukujua."

"Na yeye atanitazama vipi? Kila siku, dada. Kila siku nikitoka kuchota maji." Alikuwa ameacha kukunja. "Uliniokolea mtoto kwa kusema. Haya, asante. Sasa ninyamazie hili moja. Ulinyamaza kwa ajili yako, huwezi kunyamaza kwa ajili yangu?"

Alichosema kilikuwa na ukweli ndani yake, na aliyekuwa akilia ni damu yangu. Lakini katika uwanja ule chungu kilikuwa bado kimesimama juu ya ndoo yake, na Mama Mapacha, aliyeachiwa ufunguo, alikuwa akiendelea kuchota humo maji ya pacha aliyebaki.

Nilianzia karakana. Mzee Moshi alikuwa akipanga vyungu vibichi kwenye rafu. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kuanzia mpasuko wa chekeche. Nilipomaliza alikwenda kulichukua daftari langu, akalifungua juu ya meza ya Bonge, akaweka kidole kwenye ule mstari.

"Hapa umeandika kimevunjwa."

"Ndiyo, mzee."

"Na hapa? Na hapa?" Kidole kilishuka. "Hivi vingine vyote vimevunjwa?"

"Vyote."

"Nitajuaje?"

Bonge, ambaye hakuwahi kukosa neno, alikuwa akiitazama jeki yake.

"Vyungu mia tatu vimetoka wiki hii," Mzee Moshi alisema. "Vina alama yako ya chaki. Wewe unasema ni vizima, nami nadhani ni vizima. Lakini kudhani siyo kupima. Itabidi virudi vyote vipimwe upya, na watu wakae bila chungu wakati wa ugonjwa. Unaelewa? Kwa ajili ya nusu kidole."

"Naelewa."

"Vua aproni."

Niliivua. Bonge aliipokea, akaikunja vizuri kuliko nilivyowahi kumwona akikunja kitu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Chekeche ni langu, Mama Saa. Mimi ndiye ambaye sikuuona mpasuko."

"Chekeche kuchanika si dhambi, Bonge," nilimwambia.

Kutoka pale nilikwenda kwenye nyumba ya vyumba sita. Mdogo wangu aliniona nikiingia uani. Alisimama mlangoni kwake, akanitazama, kisha akaingia ndani akafunga. Baadaye nilisikia sauti ya chungu kikivunjwa, mara moja tu, kwa nguvu.

Mama Mapacha alikuwa nje akifua. Katika beseni palikuwa na fulana mbili ndogo za rangi moja. Alinikaribisha kwa kutaka kunyanyuka, nikamzuia. Nilimwambia. Sikutaja nzi wala kisima wala mikono. Nilisema kwamba chungu kilishindwa kipimo, kwamba nilijua, kwamba mdogo wangu hakujua, na kwamba nilikaa katika msiba wake nikaongoza sala huku nikijua.

Aliendelea kufikicha fulana kwa muda. Kisha mikono yake ikatulia majini.

"Rudia," alisema.

Nilirudia, neno kwa neno. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu sasa alikuwa akinitazama usoni.

"Baba yao anatoka kazini saa kumi," alisema. "Sitamwambia mimi. Siwezi kuyabeba haya mpaka kwake. Kaa hapo, utamwambia mwenyewe."

Alinisogezea kigoda kwa mguu. Nikakaa. Alianika zile fulana mbili kwenye kamba, akaingia ndani, akatoka na mtoto, akaketi naye kizingitini na kumpakata akiwa amenipa mgongo. Ilikuwa saa nane na nusu. Watu walipita, walinisalimia, niliwaitikia.

Sikumwomba Mungu anipe maneno mazuri ya kumwambia yule baba. Niliomba tu baba huyo asichelewe.